Chano cha Sonara

Mwaka niliochumbiwa, baba yangu alianza kuota mchana. Alikuwa fundi wa mashua hapa kisiwani Chovae, na mara nyingi nilimkuta ameshika tezo bila kuchonga, macho yameelekea bara. Mtaliani mmoja wa Kismayu alikuwa akiuza hisa za kampuni changa iliyotafuta dhahabu huko ndani, na karatasi ya maabara ilisema mchanga wake umejaa dhahabu.

Baba hakuwa mjinga. Karatasi, alisema, huletwa na mwenye kuuza. Akaomba kifuko cha mchanga ule, akampelekea sonara wetu mjini, mtu mwaminifu aliyefua bangili zangu za harusi. Sonara akauosha katika chano chake cha mbao, kwa maji na zebaki, akapata punje ndogo kama ufuta. Baba akarudi nayo imefungwa kwenye pamba. Tuliiinamia nyumba nzima tukinong'ona, utadhani tunaogopa kuiamsha.

Hisa zingenunuliwa kwa bangili zangu sita. Nilizivua mwenyewe. Nilimchukia baba siku ile, na huku nikiota nyumba ya mawe yenye madirisha mapana, mimi ndani yake.

Mama ndiye aliyekumbuka kwamba sonara hufagia duka lake kila mwezi na kuliosha lile vumbi, asipoteze hata chembe ya dhahabu. Akauliza huliosha katika chombo gani. Siku ya kupeleka bangili kwa sonara kuziuza, mama akafuatana nasi, akamwomba aoshe mchanga wa kile kifuko mara nyingine, apate kutulia moyo.

Punje ikatokea tena, kubwa kuliko ya kwanza. Baba akacheka kwa furaha.

"Uu ni mchanga wa kwetu Chovae," mama akamwambia taratibu. "Nimeuzoa chini ya mashua yako."

Sonara akakiinua chano kwenye mwanga, akapitisha ukucha katika nyufa zake, na ukucha ukatoka unang'aa. Maskini, aliona haya hata akashindwa kututazama.

Baba alinivisha bangili moja moja. Tulipofika kisiwani akaenda kwenye mashua yake, nami nikadhani amerudia kazi. Nilimkuta amepiga magoti chini yake, akiuchekecha mchanga kwa vidole, bado akitafuta, na chuki yote ikaniisha.