Karatasi Ambayo Sikuisoma

Nilikuwa wakili wa serikali kwa miaka kumi na miwili kabla sijawa hakimu, na baadaye jaji. Vijana wanaoanza kazi huniuliza ni kesi gani iliyonifunza zaidi, wakitarajia niwatajie ushindi. Huwatajia ile niliyoshinda, kisha nikaipoteza kwa upole wangu mwenyewe.

Mlalamikaji alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Makorora. Mumewe alimpiga kwa mpini wa jembe mpaka mkono ukavunjika. Kesi ilipoanza alikuwa amerudi kwa baba yake, mjane aliyezeeka, na alilotaka lilikuwa moja tu: aishi pale, ashone, amtunze mzee, bila yule bwana kumfuata.

Hapa nieleze jambo, kwa kuwa wengi hawalijui, na si kosa lao. Mtu akipigwa, polisi humpa fomu tunayoiita PF3, na daktari huandika humo majeraha aliyoyaona. Daktari huileta mahakamani. Ikishapokelewa, lazima isomwe kwa sauti, ili mshitakiwa asikie kinachomkabili kabla hajajitetea. Ni sheria nzuri. Hakuna anayestahili kufungwa kwa karatasi ambayo hakusomewa.

Fomu yake ilikuwa na majeraha manne. La nne lilikuwa alama ya pasi ya moto, paja la kushoto, upande wa ndani.

Asubuhi ya ushahidi baba yake alikuwa wa kwanza kuingia. Alikaa benchi la mbele, kanzu imepigwa pasi, kofia mkononi. Binti akanifuata mlangoni.

"Kaka, baba yumo ndani," alininong'oneza. "Ile fomu usiisome mbele yake."

Nilizaliwa pwani hii. Kwetu baba hatajiwi paja la binti yake mbele za watu, seuze alama ya pasi. Ningeweza kumwomba mzee atoke nje kwa dakika tano. Ningeweza kumwomba hakimu asikilize faragha. Yote mawili yalinijia usiku, nikiwa kitandani, kesi imekwisha. Pale pale nilisimama nikaomba fomu ihesabiwe kuwa imesomwa. Daktari alikuwa na wagonjwa wanaomsubiri. Aliitambua saini yake tu, nikamwachia aende bila kumwuliza habari za majeraha. Wakili wa mshitakiwa hakupinga. Nilimwona muungwana. Kumbe alikuwa anajua anachokifanya.

Mume alifungwa miaka mitano. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia nimeisitiri nyumba yake, Mungu anisitiri na mimi. Nilirudi ofisini nimejaa sifa.

Rufaa ilisikilizwa mwaka uliofuata. Jaji aliuliza swali moja: fomu ilisomwa? Nilijibu kwamba haikusomwa. Akaiondoa kwenye ushahidi. Likabaki neno la mke, aliyesema amepigwa, na neno la mume, aliyesema mkewe aliteleza kisimani. Majirani walikuwa wamesikia kelele, hawakuona kitu. Mtu akaachiwa. Jaji yule hakukosea. Leo nimekalia kiti kama chake, nami nimeondoa karatasi za namna hiyo mara nyingi, na kila mara namtazama wakili kijana aliyesahau, nikijua anavyojisikia.

Mume alinikuta kwenye korido, hana pingu.

"Shikamoo, wakili," alisema, ingawa alinizidi umri. "Ahsante. Umemsitiri yeye, ukanisitiri na mimi."

Alirudi Makorora, nyumba ya nne kutoka kwa baba mkwe wake. Kila alasiri alitoa kiti nje, akakaa akiangalia mlango ule. Hakumgusa mtu, hakutukana, kwa hiyo hapakuwa na la kumshtaki. Mwezi haukwisha, binti akapakia cherehani, akahamia Horohoro, mpakani. Mzee akabaki na jirani wa kumpikia. Tulikuwa tukikutana msikitini. Nilimwamkia, akaitika, akanishukuru tena kwa heshima niliyompa siku ile. Alifariki akiwa ananishukuru. Binti alifika mazishi yamekwisha.

Nilipoapishwa kuwa jaji, wenzangu waliniandalia pilau. Mwendesha mashtaka mmoja mzee alinitania kwamba sasa angalau hakuna atakayeachiwa kwa huruma yangu. Wote walicheka. Nami nilicheka.

Juzi juzi nilikuwa naenda harusini Mombasa. Pale Horohoro, nikingoja pasi yangu igongwe muhuri, nilimwona yule binti chini ya turubai, anapindisha pindo la dera. Nilimsogelea, nikampa pole ya baba. Akanipa kigoda. Nilianza kumweleza kwamba kosa halikuwa lake, kwamba yeye aliomba kwa kuwa hakujua sheria.

"Najua," alisema. "Mimi sikujua. Wewe ulijua."

Aliendelea kushona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi.

"Baba hayupo tena. Isome sasa."

Niliikumbuka neno kwa neno. Nilimsomea taratibu, kama ilivyonipasa siku ile: mkono wa kulia, umevunjika chini ya kiwiko; kichwani, jeraha juu ya sikio; mgongoni, michubuko mitatu. Kisha nikanyamaza. Wanawake wawili walikuwa wamesimama karibu, wanachagua vitambaa.

Alisubiri.

"Umeruka moja," akasema, akavuta nguo nyingine.