Safari ya Minto Kuamua Waayalandi ni wa Upande Gani

Nilisafiri kwa sababu ya ugomvi usionihusu. Miaka ya korona nilikuwa nikimhudumia Mzee Declan, Mwayalandi aliyeishi peke yake Doonside. Lockdown ilipoanza alibishana kwa simu na dada yake Noreen, wa Minto, upande wa pili wa jiji: je, magazeti ya kwao yanaelemea kushoto au kulia? Declan alisema yametekwa na mrengo wa kushoto. Noreen akasema yako mikononi mwa matajiri wa mrengo wa kulia. Simu ikakatwa. Miezi ikapita ndugu hawa, wote wamevuka sabini, hawasemezani. Ayalandi kwenyewe walishaondoka zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Kisha akanipigia Jeanine, Mrundi tuliyesoma naye kozi ya kutunza wazee, ambaye ndiye aliyemhudumia Noreen. "Dada, huyu mama anaingia operesheni ya moyo Alhamisi. Mlete kaka yake."

Amri ya kutokwenda mbali na nyumbani ilikuwa imeondolewa wiki ileile. Nilipomwambia Declan, alienda kuvaa tai.

Saa tatu asubuhi tulikuwa stesheni ya Doonside. Declan alikuwa na barakoa, cheti cha chanjo, na mfuko wa makala alizochapisha kutoka mtandaoni. "Ushahidi," aliniambia. Ua hakubeba, biskuti hakubeba.

Blacktown tulibadilisha treni, akaanza kunisomea makala hizo.

"Na wapiga kura wa kwenu je?" nilimuuliza.

"Hao ni watu wazuri wa kulia. Wamepotoshwa tu."

Nikamkumbusha alichoniambia mwenyewe, kwamba walipiga kura kuruhusu ndoa za jinsia moja, kisha wakapiga nyingine kuruhusu utoaji mimba.

"Walipotoshwa mara mbili," alisema, akageukia dirishani hadi Glenfield, tulipobadilisha treni tena.

Saa tano tulifika Minto. Jeanine alitupokea mlangoni, akaniambia kwa Kiswahili, "Chai imeiva, lakini huyu mama naye ako na makaratasi yake."

Kweli, mezani palikuwa na rundo. Noreen alikuwa amekonda sana, nikaona Declan ameliona hilo. Walisalimiana kwa viwiko, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, kisha kila mmoja akachomoa makala yake bora. Ikawa ni makala ileile moja, kuhusu kodi za nyumba Dublin.

"Inawalaumu wenye nyumba!" alisema Declan. "Kushoto!"

"Mwenye nyumba ndiye kahojiwa kwanza, na picha yake bustanini," alijibu Noreen. "Mpangaji katupwa aya ya mwisho. Kulia!"

Jeanine akaninong'oneza, "Dada, hawa wanasoma gazeti ama wanasomana?" Kisha akawauliza kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, "Na nyinyi, kura ya mwisho huko mlimpigia nani?"

Declan akakohoa, akaeleza kwamba nchi yao haiwapi kura waliohama. Yeye alipiga mara moja tu kabla ya kuondoka. "Nilimpigia yule ambaye baba aliniambia nimpigie."

"Mimi sikuwahi," alisema Noreen. "Niliondoka mdogo. Na maskini baba! Chama chake, na kile alichotukataza hata kukitaja, sasa vinatawala pamoja."

Declan ndiye aliyeanza kucheka. Walicheka mpaka Noreen akashika kifua. Hapo kaka yake akavuta kiti, akasahau habari za umbali wa mita moja na nusu, akamshika mkono.

"Unaogopa?"

"Sana."

"Hata mimi."

Jeanine aliondoa makaratasi kupisha sahani. Hakuna aliyeyaulizia.

Saa tisa tuliaga. Noreen alimfunga kaka yake vifungo vya koti, kimoja kimoja, kama anampeleka shule. Treni ilipoondoka Declan aliniambia, "Lile gazeti ni la kushoto."

"Mbona hukumwambia?"

"Alikuwa ananifunga vifungo."

Nilirudi Doonside nimejifunza hili: mtu akiwa na hasira na nduguye, gazeti lolote humuunga mkono.

Alhamisi jioni Jeanine alinipigia. Operesheni ilikuwa imefaulu. Noreen ameamka, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama yule kaka yake mjinga amekula. Nikamfikishia Declan maneno hayo bila kupunguza. Alivua miwani.

"Anasemaje?" aliuliza Jeanine, bado yuko kwenye simu.

"Hasemi kitu, dada. Ni kulia tu."