Pua Iliyokwama Tumboni

"Watu wa Kannauj, mji unaokula kwa pua, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima: Triloki, mwana pekee wa marehemu Bansidhar mchemsha manukato, hana pua. Hiyo mnayoiona usoni ni pambo."

Tangazo lilitolewa na Ramsanehi, baba yake mdogo, huku akifuta machozi ya kicheko.

Daktari mmoja wa Kanpur alikuwa ameshamweleza mama mtu. Mtoto akifinyangwa tumboni, nyuzi za kunusia huota puani zikapanda hadi kwenye ubongo, na pamoja nazo husafiri chembe zitakazokuja kuamsha ndevu, sauti nzito na tamaa. Za Triloki zilikwama njiani. Ndiyo maana alipozaliwa alilipapasia titi kama kipofu, mpaka akasukumwa kichwa. Ndiyo maana miaka ishirini na saba imepita na kidevu chake bado ni yai. Hata kule kukimbia uozo, ambako panya huzaliwa nako, yeye hakuunganishiwa.

Mama akaimeza siri. Lakini karakana ya manukato hairithiwi kwa cheti. Mrithi hupakwa tone mgongoni mwa kiganja mbele ya wazee, ananusa, analitaja ua. Akikosea, karakana inakwenda kwa ndugu wa marehemu.

"Msimu ukifunguliwa huwa ni waridi," mama alimnong'oneza. "We sema waridi tu, mwanangu."

Siku ya jaribio, Ramsanehi, aliyekuwa na shaka zake, badala ya manukato akampaka maji yaliyolowekewa ngozi ya nyati siku nne. Wazee wakaziba pua kwa vilemba. Triloki akafumba macho, akavuta pumzi kwa madaha.

"Waridi! Tena la alfajiri, lina umande."

Mzee mmoja alicheka hadi meno ya bandia yakamtoka.

"Mwacheni bi harusi amalizie kujinukiza!" akapiga kelele mwingine.

Hapo ndipo tangazo likatolewa, na karakana ikabadili mwenyewe kabla maji hayajakauka mkononi. Ramsanehi, mtu wa huruma, akambakiza mtoto wa kaka yake achochee moto.

"Kazi hiyo haitaki ndevu. Itakufaa."

Siku ya chungu cha kwanza, Ramsanehi alijaza waridi na maji kwenye chungu cha shaba, akaziba mfuniko kwa udongo, akauelekeza mwanzi wa kupitisha mvuke kwenye mtungi wa mafuta ya msandali, mali yote aliyoachiwa na kaka yake.

"Tia kuni, usiache mpaka nirudi," akaamuru, akaenda kula pilau ya pongezi.

Triloki akatia kuni. Maji yakakauka, maua yakashika chini ya chungu, moshi wake ukaingia kwenye msandali. Majirani wakafunga madirisha. Triloki akatia kuni.

Ramsanehi akaja mbio, pilau bado kwenye masharubu. Akaonja mafuta kwa pua.

"Nimekwisha! Mtaa mzima unakohoa, na wewe mwanaharamu umekaa tu! Hukunusa?"

Triloki akachagua ukuni mwingine, akautia motoni.

"Si ulitangaza mwenyewe, baba mdogo."