Fundi Mfaume na Mtani wa Jirani

Hapakuwa na mtu mtaa mzima wa Ng'ambo aliyejua kushona kama Mfaume, na hapakuwa na mtu aliyelijua hilo kuliko Mfaume mwenyewe. Kola yake ilisimama, vifungo vilikaa mstari mmoja, na pindo lake usingeliona hata ungegeuza nguo nje ndani. Sasa kwa nini, jamani, mwaka ule uliofuata Azimio la Arusha, watu walikuwa wakipita mbele ya baraza yake na vitambaa kwapani, wakampa salamu nzuri kabisa, kisha wakaenda kuketi baraza ya pili, kwa Sylvester?

Sylvester! Kijana aliyetoka Usinge juzijuzi tu, na cherehani ya mkono kaifunga nyuma ya baiskeli. Suti yake ya kwanza ilimfanya bwana harusi ashinde siku nzima bega moja juu, moja chini. Mfaume alicheka siku ile mpaka akashika mbavu. Sasa hacheki tena. Cherehani yake ya miguu, aliyoachiwa na marehemu baba yake, ilikuwa ikishinda imefunikwa. Mtu mmoja wa Urambo alishakuja kuitazama, akalizungusha gurudumu, akasema Idi ikipita atarudi kuichukua, Mfaume akiwa tayari. Na Idi haikuwa mbali. Mfaume bila cherehani ile angekuwa nani?

Lakini kilichomchoma roho zaidi ni yule mama wa kila Alhamisi.

Bi Mwanajuma alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mjane wa mfanyakazi wa reli. Mumewe alipokuwa hai walihamishwa stesheni hadi stesheni, na kila walikohamia yeye alifungua mgahawa, na kila mgahawa ulijaa watu. Sasa alikuwa ametulia mtaa wa Kanyenye, hana kazi ila kutazama kazi za wenzake. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakikutana njiani wakatukanana, wakalishana, wakazikana. Mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu yako hana. Anakusema usoni, anachukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe ukinuna, wewe ndiye huna adabu.

Basi kila Alhamisi Bi Mwanajuma alijikalisha kwenye mkeka wa Sylvester, akamwamkia kijana kwa Kinyamwezi, na sauti yake ilifika mpaka kwa Mfaume bila kutumwa.

"Mwangaluka, Mnyamwezi! Suruali ya karani iko wapi?"

"Kesho, mtani."

"Kesho ya jana au kesho ya mwakani? Babu zako walibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, wakafika. Wewe suruali moja kutoka mezani mpaka mlangoni inakushinda! Lete huo mkasi."

Na kweli alikuwa akiondoka nao! Sylvester alimkimbilia barabarani akicheka na kuomba, na jioni alikwenda kuukomboa kwa sukari. Wiki nyingine Bi Mwanajuma alimcheka kwa zile suti. "Mabega haya umeyashonea nani, punda? Acha suti, mwanangu. Watoto wote wa mji huu wanakwenda shule, nani anawashonea kaptula?" Sylvester akaacha suti, akashika kaptula. Wiki nyingine alimcheka kwa kupokea kila kitambaa kilicholetwa. Sylvester akajifunza kusema, "Mama, wiki hii nimejaa, njoo Jumatatu." Na Jumatatu nguo ikawa tayari. Fundi anayesema Jumatatu ikawa Jumatatu! Mji mzima ulishangaa.

Mfaume hakushangaa. Mfaume alikereka. Alisema ile ni dawa tu, hakuna kingine. Mwanamke mzima anakuja siku ileile, anachukua chuma cha kazi, jioni kinarudi kimeshasomewa maneno. Ikiwa huo si uganga, ni kitu gani?

Na uchungu ni kwamba Bi Mwanajuma alianzia kwake. Alikuja hapo barazani asubuhi moja, wateja wamejaa, akamwita Mnyamwezi, akamuuliza kwa nini mke wa mwalimu amefuata gauni lake mpaka viatu vimeisha soli. Mfaume akanyoosha kanzu yake, akasema mbele ya watu wote, "Mama, umekosea mlango. Mimi si Mnyamwezi. Asili yetu sisi ni pwani." Watu wakatazama chini. Kila mtu alijua kwamba babu yake Mfaume alikwenda pwani na mzigo begani, akarudi na kanzu mwilini, na hiyo ndiyo pwani yao yote. Bi Mwanajuma hakubisha. Aliomba radhi, akainuka, akaenda baraza ya pili.

Siku moja, Idi inakaribia, Mfaume alimkuta mkewe, Swaumu, akikunja kitambaa kipya cha kijani.

"Kilete nikupime," akasema.

Swaumu akaendelea kukunja. "Nimeshapimwa, baba."

"Na nani?"

"Mume wangu, nisamehe. Gauni la Idi iliyopita ulinipa Idi imekwisha. Safari hii nataka kulivaa."

Lahaula! Mke wake wa ndoa, mwilini mwake futi ya Sylvester! Mfaume hakula siku ile. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Abasi, balozi wa nyumba kumi, akamweleza kwamba kuna unyonyaji mtaani. Kuna mwanamke hafanyi kazi, anakula jasho la kijana wa watu, anachukua vifaa vyake, analipwa sukari. Siku zile neno unyonyaji lilikuwa halisemwi bure, na Mzee Abasi akavaa viatu.

Alifika Alhamisi. Mfaume akasogea naye, uso ameukunja kwa huruma ya uongo.

"Kijana," Mzee Abasi akauliza, "huyu mama anakunyonya?"

Sylvester akaacha cherehani, akacheka. "Shikamoo, mzee. Huyu ni mtani wangu. Nikimdanganya mteja anachukua mkasi, ndiyo adhabu yangu. Na sasa sukari ameikosa siku nyingi, maana simdanganyi mtu."

"Njaa itaniua," akasema Bi Mwanajuma. Kisha akanyoosha mkono, akachomoa kalamu mfukoni mwa balozi. "Na wewe Mnyamwezi mkubwa, mkutano uliouitisha asubuhi wewe mwenyewe ulifika saa ngapi?"

Mzee Abasi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akamgeukia Mfaume. "Unyonyaji gani huu, fundi? Kijana anapewa akili bure, tena hadharani. Ningekuwa na biashara, huyu mama ningemlilia."

Wakacheka wote, na Mfaume akarudi kwenye baraza yake tupu. Dawa ingekuwa afadhali. Dawa mtu anaweza kuichukia. Lakini maneno yale yalisemwa kwa sauti, jua linawaka, hatua chache kutoka sikio lake, na yeye aliyasikia yote.

Kesho yake baada ya sala ya Ijumaa akaenda Kanyenye. Bi Mwanajuma akampokea vizuri mno. Akamwita fundi, akampa kiti, akampa maji, akamuuliza habari za nyumbani. Hakumtania hata kidogo. Adabu ile ilimwelemea Mfaume, akaona bora angetukanwa.

"Bi Mwanajuma," akasema mwisho, "mimi ni Mnyamwezi."

"Najua."

"Babu yangu alikuwa mpagazi."

"Najua hilo nalo. Mama yako aliniambia."

Mfaume akaweka kikombe chini. Mama yake, Bi Maua, alikuwa na miezi mingi tangu azikwe. "Mama yangu? Ulimjua wapi?"

"Alikuja hapa akiwa tayari mgonjwa. Akasema, mwanangu ana mikono mizuri na ahadi mbaya, atafunga duka. Mimi nikimwambia ananiona mshamba, mkewe akimwambia anamwona mkorofi. Wewe ni mtani, nenda ukamcheke mpaka aone. Basi mimi nikaja kwako. Ukanijibu ulivyonijibu. Na mimi nilikuwa nimeshatoka nyumbani, fundi, miguu inauma, nikaona kuna mkeka baraza ya pili, nikakaa."

Vicheko vyote vile, kaptula zote zile, wateja wote wale waliomtia kijicho usiku kucha, vilitumwa kwake.

"Kwa hiyo Alhamisi zile zilikuwa zangu."

"Zilikuwa zako."

"Nirudishie, Bi Mwanajuma."

"Za Sylvester simnyang'anyi, amezitumikia." Bi Mwanajuma akavuta kiti chake karibu. "Koti la stesheni masta uliahidi liwe tayari lini?"

Neno "kesho" lilimpanda Mfaume mpaka kwenye ulimi, akalimeza.

"Jumamosi iliyopita."

"Liko wapi?"

"Halijakatwa."

Bi Mwanajuma akaanza kucheka. Alimcheka kwa sauti, akaipiga meza, akamtaja yeye na babu yake na mzigo wake, mpaka majirani wakatoka nje kutazama, na Mfaume akaketi palepale, akawaacha wamwone.