Safari ya Kumpeleka Bibi Somoe Kwenye Joto

Harufu ya mbao za mninga zinazorandwa, ikichanganyika na ya petroli, hunirudisha uani kwetu Mjimwema, Songea, mwezi wa Juni nilipokuwa na umri wa miaka kumi. Landrova kuukuu iliyowahi kubeba wagonjwa imesimama karibu na migomba, mlango wake wa nyuma u wazi, na ndani yake fundi Haule, jirani yetu, amepiga magoti akipima urefu wa kitanda. Ukungu haujaondoka juu ya milima ya Matogoro, na kila anayesema neno anatoa moshi mdomoni. Miaka ile ndiyo kwanza biashara ilikuwa imefunguliwa. Maduka ambayo zamani yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia sasa yalijaa sabuni za kunukia, betri, chupa za chai zenye maua na masweta ya mitumba yenye picha za theluji. Shirika lililokuwa na gari lile lilikuwa limevunjwa na mali zake kupigwa mnada, na baba yangu, mwalimu wa jiografia ambaye hakuwahi kumiliki hata pikipiki, siku alipolinunua alirudi nyumbani akisukumwa na vijana sita, yeye mwenyewe amekaa wima kwenye usukani. Mama alitoka jikoni, akalizunguka gari mara moja, akauliza, “Baba Zuhura, umenunua gari au jeneza?”

Baba hakukasirika. Alimwonyesha kwa kidole dirisha la chumba nilicholala na Bibi, na mama akarudi jikoni. Bibi Somoe, mama mzazi wa baba, alikuwa mtu wa Lindi. Babu alipofariki, baba alimwendea akamleta Songea ili afunge nasi mwezi mmoja wa Ramadhani, na mwezi ule ukageuka miaka minne. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye masikio yaliyotobolewa matundu mengi na ulimi wa utani. Aliniita mke mwenzake, kwa madai kwamba marehemu babu alikuwa amenichumbia tangu siku niliyozaliwa. Lakini kila kipupwe kilipoingia, utani ulimwisha. Vidole vyake vilikakamaa hata kufunga kanga ikawa kazi yangu, kifua kilimbana, na alishinda karibu na jiko la mkaa akiwa amevaa masweta mawili na soksi za baba. Kila mwaka baba alimwahidi kwamba mwakani, likizo ya Juni, atampeleka Lindi akaote jua na kumwona dada yake. Kila mwaka gari la kupanda lilikuwa lori, na Bibi hakuwa mzigo wa kurushwa juu ya magunia. Sasa baba alikuwa na gari lake, na alitaka mama yake asafiri amelala.

Basi ikaanza kazi ya kupanga safari, na sijapata kuona tena nyumba iliyofurahia jambo kama yetu ilivyofurahia majuma yale. Baba alibandika ramani kubwa ukutani pale sebuleni, na kila baada ya sala ya alasiri tulisimama mbele yake kama darasa. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya lami, kupitia Njombe na Iringa hadi Dar es Salaam, kisha kivuko cha Rufiji, kisha Lindi. Ya pili ilikatiza moja kwa moja mashariki, Namtumbo, Tunduru, Masasi, lakini ilikuwa njia ya mchanga na mashimo, na mama, aliyezaliwa Namtumbo, alikuwa amesikia habari zake tangu utotoni. Alitaja simba. Alitaja madaraja ya magogo. Alisema kawia ufike, na kwamba aliyeharakisha kupitia Tunduru alifika mwezi uliofuata. Baba alieleza kwa rula vipimo vya njia zote mbili. Ubishi uliendelea kwa siku kadhaa, mpaka Bibi, ambaye alikuwa amekaa akikuna nazi moja iliyoletwa na mgeni kutoka pwani, aliuliza Njombe kukoje mwezi huu. Baba akajibu kwamba huko asubuhi majani huwa meupe kwa barafu. “Basi mnanitoa kwenye baridi kwa kunipitisha kwenye mama yake baridi?” aliuliza Bibi. Ramani ikapigwa mstari mwekundu kupitia Tunduru.

Mimi nilikabidhiwa daftari la safari, maana mwandiko wangu ulisifiwa shuleni. Nilichora majedwali mawili, moja la vitu vya gari na jingine la vitu vya watu. Madumu ya maji, madumu ya petroli, koleo, panga, mbao za kuweka chini ya magurudumu yakizama mchangani. Jiko la mafuta ya taa, unga, maharage, dagaa wa Ziwa Nyasa, chumvi. Fundi Haule, aliyejifunzia useremala na ufundi wa magari kwa watawa wa Hanga, alitengeneza vitanda viwili vinavyokunjwa ukutani na kabati dogo lenye kitasa cha shaba, na juu ya kitanda cha Bibi akaweka upau wa kushikia gari linaporuka. Baba alimwandikia mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa akilima korosho Namasakata, huko Tunduru, akaomba tupumzike kwake, na majibu yalipokuja na dereva wa lori yalisomwa kwa sauti mara tatu. Majirani walikuja kuangalia. Watoto wa darasa letu niliwaruhusu kulala kitandani kwa zamu, mradi wavue viatu.

Siku nne kabla ya kuondoka, mama alinituma niandike vitu atakavyobeba Bibi. Nilimkuta amekaa kitandani, sanduku lake la bati liko wazi. Tulikuwa tunakwenda kwa majuma mawili, lakini ndani ya sanduku niliona kanga zake zote, hata zile za doti alizokuwa hajazivaa. Niliona msala, msahafu uliofungwa kitambaa, picha ya babu iliyotolewa ukutani, na chini kabisa, ikiwa imekunjwa vizuri, sanda aliyojinunulia mwenyewe. Nilisimama na kalamu yangu. Bibi aliniita karibu akafunga mlango.

“Mke mwenzangu,” alisema, “mtu kwao. Nikifika Lindi sirudi.”

“Baba anajua?”

“Akijua hatanipeleka. Atasema watu watamcheka kwa kumtupa mama yake. Nitamwambia nikishakanyaga ardhi ya kwetu. Wewe funga kinywa.”

Niliandika katika daftari: Bibi, nguo kiasi. Kisha nikaenda nyuma ya choo nikalia mpaka kichwa kikauma. Nilikuwa nimelala kando ya mwanamke yule tangu nikiwa na miaka sita. Nilijua anavyokohoa mara mbili kabla ya kuamka, na ni yeye aliyenifundisha kusuka, kusoma Fatiha na kucheka. Kaka zangu wawili walikuwa shule ya bweni. Bila yeye ningebaki na watu wazima wawili na saa ya ukutani. Sikufikiria mifupa yake hata kidogo. Niliwaza kitanda changu kitakavyokuwa kipana.

Fundi Haule alikuwa na desturi ya kukitoa kila jioni kidude cheusi kinachokaa kwenye injini chini ya kifuniko cha distributa, chenye ukubwa wa kidole gumba, mafundi hukiita rota. Bila hicho gari haliwaki, na mwizi atalisukuma mpaka achoke. Alikitia mwenyewe katika kikombe kabatini mwetu. Mchana uliofuata, mama akiwa sokoni na baba akisahihisha mitihani shuleni, nilikichukua, nikakitia katika kopo la maziwa na kulifukia kwenye migomba, pale tulipomwaga maji ya vyombo.

Nyumba ilipinduliwa juu chini. Kikombe kilitazamwa kana kwamba kitasema. Fundi Haule, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aliapa mbele ya baba kwamba alikirudisha, na baba alisema, “Sijakutuhumu, ndugu yangu,” lakini alisema kwa namna ambayo fundi aliokota vifaa vyake na kuondoka. Mjini kingine hakikupatikana. Mtu angeweza kununua redio ya kaseti katika maduka mapya au marashi ya nchi asizozijua, lakini si rota ya gari kuukuu. Baba akaagiza Dar es Salaam kwa dereva wa basi, tukaanza kusubiri. Siku ya kuondoka ilipita. Nikaona nimeshinda.

Juma lile ikashuka baridi ambayo hata wenyeji waliisemea. Manyunyu hayakukatika siku tatu. Siku ya nne Bibi hakuweza kuinuka kuswali, akawa anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, na midomo yake ikageuka rangi. Baba alikimbia kutafuta gari la kumpeleka hospitali huku letu limesimama uani na vitanda vyake viwili vipya. Nilimwona akilipiga teke gurudumu, kisha akaegemeza paji la uso kwenye mlango. Aliyekuja kutusaidia ni fundi Haule, ambaye alikuwa hajakanyaga kwetu tangu siku ile. Aliazima pikapu ya jirani yake, akambeba Bibi mikononi kama mtoto. Daktari alisema ni homa ya mapafu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mimi nilikuwa vyote viwili, nimekaa kwenye benchi la wodi nikishindwa kuitazama mikono yangu.

Siku ya tatu hospitalini homa ilishuka kidogo. Mama alikwenda kuchukua uji, nikabaki na Bibi peke yangu. Nilimwambia yote bila kupumua. Alifumba macho hata nikadhani amelala.

“Kiko wapi?” aliuliza.

“Kwenye migomba.”

“Ulitaka nibaki.”

Nilitikisa kichwa kukubali. Alinyoosha mkono wake mkavu akanishika sikio, akalivuta kweli kweli, mpaka machozi yakanitoka. Kisha hakuliachia, akabaki amelishika tu.

“Kakifukue. Halafu umwambie baba yako kwa kinywa chako, na fundi pia. Mimi sikusemei. Na mwite baba yako aje, nami nina langu la kumwambia. Tumekuwa wezi wawili nyumba moja.”

Nilimkuta baba barazani. Nilimpa kile kidude kikiwa bado na udongo. Alikipangusa kwa ncha ya shati lake, akakitazama, akaketi kwenye ngazi. Nilingoja kupigwa, nilitamani kupigwa. Aliniuliza swali moja tu, kwa nini, na nilipomjibu kwamba Bibi harudi, aliinua uso kama aliyeitwa jina lake na mtu asiyemtarajia. Tulikwenda kwanza kwa fundi Haule. Baba, mwalimu ambaye mji mzima ulimwamkia shikamoo, alisimama mlangoni kwa watu akasema, “Nimekudhulumu kwa macho yangu. Naomba radhi.” Fundi alinitazama, akasema mtoto akinyea mkono haukatwi, akaenda kutafuta bisibisi.

Kule wodini sikuruhusiwa kuingia, lakini dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia baba akisema watu watasema amemtupa mama yake. Nilimsikia Bibi akijibu kwa sauti ndogo, “Hamisi mwanangu, watu hawaumwi mifupa yangu.” Baba alipotoka alikuwa ameshika kofia yake mkononi na macho yake yalikuwa mekundu.

Tuliondoka katikati ya Julai, Bibi alipopata nguvu. Tulisafiri siku nne. Tulizama mchangani mara nyingi hata nikaacha kuziandika, na mama, aliyeogopa njia ile kuliko sote, ndiye aliyeshika koleo akiimba. Namasakata tulipokewa kwa kuku na korosho zilizobanguliwa siku ileile, na wenyeji wetu walikataa tulale garini wakati nyumba ipo. Bibi alilala safari nzima ameshika ule upau. Tulipofika Masasi alivua sweta la kwanza. Tulipoanza kuteremka kuelekea pwani alivua la pili, kisha soksi, akanyoosha vidole vyake kimoja kimoja. Lindi dada yake alikuja mbio bila viatu, wakashikana katikati ya barabara, wakalia na kutukanana kwa utani wa utotoni ambao hakuna mwingine aliyeuelewa. Majuma mawili yalipokwisha tulimwacha. Alikaa mlangoni akichambua mchicha, na hakuinua uso gari lilipowaka, kwa sababu, kama mama alivyonieleza baadaye, angeinua asingeweza kutuacha twende. Aliishi miaka sita zaidi, na kila likizo nilipokwenda nilimkuta akijifunga kanga mwenyewe.

Siku hizi njia yote ile ni lami. Mwaka juzi niliipita na wanangu. Tuliondoka Songea alfajiri, tukala chakula cha jioni Lindi. Namasakata hatukusimama. Hakuna aliyeandikiwa barua, hakuna aliyetuchinjia kuku, na watoto walisinzia njia nzima wakiwa na simu mikononi. Siwezi kusema zamani kulikuwa bora, kwa kuwa namkumbuka Bibi akitafuta pumzi. Lakini kuna jambo ambalo sisi wenye daftari, ramani na rula hatukulifanya majuma yale yote: tulipanga maji, petroli na chumvi, tukapanga siku ya kwenda na ya kurudi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mwenye safari anataka nini.

Baba ametangulia mbele ya haki. Mama sasa ni mzee, naishi naye Njombe nilikoajiriwa, na Njombe baridi yake haina mzaha. Kipupwe kilichopita nilimwona akijikunyata, nikaanza kukadiria kichwani nimpeleke wapi, lini, kwa gari gani. Nikajizuia. Nikaketi chini karibu na miguu yake, nikamwambia, “Mama, wewe unapenda kuishi wapi?” Alinikazia macho, akacheka kidogo.

“Hapahapa,” alisema. “Lakini nilikuwa nasubiri uulize.”