Ndege Zilipita Ngoingwa Nikiangalia Chini

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na majirani: ni kweli nilimchapa keateka na suruali mbichi ya jinzi mbele ya wapangaji wa ploti nzima, na aibu haijaisha, lakini hata hasira haijaisha.

Kwetu Ngoingwa kila floo ina siku yake ya kuanika nguo juu ya paa. Keateka, Baba Kim, mlinzi wa ploti mwenye funguo zote, anakufungulia mlango wa paa ikiwa tu una beseni la nguo mbichi, halafu anakufungia huko juu ndio wezi wa nguo wasipande. Sasa, dadangu wa Ruiru alinipigia akasema zile ndege za maonyesho za jeshi la anga zinafanya mazoezi ya sherehe, jana zilipita Gatongora zikageukia huku Thika, na leo zitarudi.

Mimi hizo ndege nazijua. Nikiwa fomu tatu zilipita juu ya shule yetu, zikapanda wima, zikapinduka, zikaachana kila moja na moshi wake, na tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani ila kuzirusha. Nilisoma fizikia mpaka wenzangu wakanicheka. Halafu siku ya kuandikisha makurutu wa jeshi ikafika nikiwa na tumbo la Shiru, na mjamzito hachukuliwi. Shiru nampenda kuliko roho yangu. Lakini nikisikia injini juu, mkono husimama tu na mwiko ndani ya sufuria.

Kwa hivyo nilibadilishana zamu na Mama Tasha wa floo ya tatu, nikachukua nguo safi, zimekunjwa (mimi mwenyewe, na akili zangu), nikazilowesha.

"Mama Shiru, si ulifua juzi?" Baba Kim akauliza.

"Mtoto amekojolea."

"Amekojolea mpaka jinzi ya babake?"

Nikainua beseni langu. Akafungua, akafunga.

Huko juu shuka za watu zimeziba anga yote, nikapanda ngazi ya tangi la maji, jinzi bado iko mkononi, nikasimama pale juu kabisa nikiangalia upande wa Ruiru, machozi yakinitoka (msinicheke). Chini mtu akapiga nduru.

"Ngai! Mama Shiru anataka kujirusha!"

Ploti ikajaa. Mama mboga akaacha sukuma yake hapo, mwingine akaanza maombi kwa sauti. "Shuka, mama! Mwanaume ni nini?" Na bwanangu yuko kazini Juja, hajakosea mtu!

"Nangojea ndege!" nikawapigia kelele.

"Ati ndege! Ikupeleke wapi?"

Nikainama niwajibu vizuri. Hapo ndipo zilipopita. Nilisikia ngurumo mgongoni, nikaona nyuso zote chini zikiinuka, midomo wazi, na nilipogeuka nilipata moshi, mistari minne myeupe ikipanuka kuelekea Murera. Kila mtu aliona. Hata mama mboga.

Baba Kim akafungua mlango, akaniteremsha polepole mbele ya wote, akaniambia, "Pole, mama. Lakini haki, zilikuwa poa sana."

Ndio ile jinzi ikamkuta.

Jumatatu nilipeleka malalamiko kwa ofisi ya ajenti anayesimamia ploti, yenye sahihi yangu:

"Mimi, mpangaji wa floo ya pili, ninalalamika kwamba paa hufunguliwa kwa wenye nguo pekee. Ninamwomba Baba Kim radhi, na sitalowesha tena nguo safi. Lakini ninaomba mlango ufunguliwe kwa mpangaji yeyote anayetaka kuangalia juu, bila kuulizwa amebeba nini."