Disko kwenye tangazo la msiba

Jamani, leo nimepiga disko kwenye msiba wa watu. Hewani. Kilosa nzima imesikia!



Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa redio yetu ndogo hapa mjini. Asubuhi nikaijenga upya programu ya kupiga muziki kutoka kwenye msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoiunda. Pale mwisho unatakiwa uiambie ikae folda gani. Sikuiambia. Nikasema si itajua yenyewe?

Ikajiwekea inakojua yenyewe. Ikawa inafunguka yenyewe badala ya ile ya zamani, nyimbo zetu ikaziacha, ikashika muziki wa majaribio iliokuja nao.

Mimi sina habari.

Saa saba, matangazo ya vifo. Dada Rehema, mtangazaji wetu, kwa ile sauti yake ya msiba: "Mzee Salumu wa Magole, mmoja wa waliofyeka pori kuanzisha kijiji enzi za ujamaa, hatunaye tena. Mazishi ni leo saa kumi."

Akanipa ishara niweke kaswida.

Nikabonyeza.

DISKO! Na watu wanapiga makofi humo ndani!

Dada Rehema kashika kichwa. Nazima, inaanza upya. Nikachomoa waya ukutani.

Sasa programu mpya ina folda yake peke yake, ya zamani imerudi. Kompyuta imepona.

Mimi je? Nimempigia mdogo wake marehemu kuomba radhi. Nikasema, "Shikamoo, mzee."

Akakata simu. Marahaba sikupewa.

Mazishi saa kumi, jamani. Niende?